Msuluhishi Hana Rungu

Ndugu msomaji, watu wengi huchanganya hakimu na msuluhishi. Hakimu hukata kesi, upende usipende. Msuluhishi hana rungu wala pingu. Kazi yake ni kuwakalisha wagomvi mpaka wenyewe waione njia. Hiyo ndiyo nadharia. Sasa njoo kwetu Kigoma tutazame vitendo.

Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, Warundi walianza kumiminika kuvuka mpaka. Kibondo ya wakati ule ikawa na kambi za Kanembwa, Mtendeli na Nduta. Kasulu ikawa na Mtabila na Muyovosi. Walikuja na vifurushi tu, lakini mila hawakuiacha: abashingantahe, wazee waaminifu wanaopatanisha watu. Jina hilo linatokana na intahe, fimbo ya haki. Wazee wetu wa Kiha hawakuhitaji mkalimani kuwaelewa, maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Kambini wazee hao walisuluhisha magomvi ya majirani, na ya mume na mke pia.

Hapo ndipo penye mwiba. Majirani wakigombea kuni, wote ni sawa, watapatana. Lakini mke aliyepigwa akiambiwa arudi nyumbani akavumilie, huo nao ni usuluhishi? La hasha! Mwaka 2000 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu ukatili kwa wanawake katika kambi hizi, likakosoa kesi za namna hiyo kumalizwa na wazee. Mwenye woga hapatani, anasalimu amri tu.

Na kwa wakubwa je? Mwalimu Nyerere alifungua mazungumzo ya Warundi kule Arusha Juni 1998. Alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, Nelson Mandela akashika usukani, na mkataba ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Safi kabisa. Ila wapiganaji wa CNDD-FDD na FNL hawakuwa mezani, basi risasi zikaendelea kulia na kambi zetu zikabaki zimejaa. CNDD-FDD walipokubaliana na serikali Dar es Salaam, Novemba 2003, mwaka uliofuata wakimbizi maelfu kwa maelfu walifunga virago. Hata hivyo, mwaka 2015 Burundi ilichafuka tena, na Nduta ikafunguliwa upya.

Vijana wenzangu mnaoandika, mkisikia watu wamepatanishwa, msikimbilie kushangilia. Ulizeni kwanza: nani hakuitwa, na nani alikaa kimya kwa woga?