Kukiri kosa la trafiki kunavyoathiri kesi ya fidia

Madereva wengi wanaoshtakiwa kwa kuendesha gari bila uangalifu baada ya ajali hukiri kosa papo hapo, wakalipa faini na kurejea kazini. Ni wachache wanaotambua kwamba kukiri huko huwafuata hadi katika kesi ya madai.

Kwa mujibu wa Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai, muda wa kukata rufaa ukishapita, ni ithibati kamili kwamba aliyehukumiwa alitenda kosa hilo. Majeruhi anayedai fidia huwasilisha nakala yake, na dereva hawezi tena kujitetea kwamba hakukosa.

Hata hivyo, si lazima lawama yote iwe yake. Katika kesi ya Robinson na Oluoch, mwaka wa 1971, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishikilia kuwa dereva aliyepatikana na hatia angali na ruhusa ya kuonyesha kwamba mwenzake alichangia ajali. Hapo hakimu hugawa lawama, tuseme asilimia 70 kwa 30, na fidia ya mlalamishi hupunguzwa kwa kadiri ya sehemu yake.

Hati ya polisi, ambayo watu huithamini kupita kiasi, huthibitisha tu kwamba ajali iliripotiwa. Hata ikitaja wa kulaumiwa, mahakama hutaka mashahidi na mchoro wa mahali pa ajali. Mlalamishi naye ana miaka 3 tangu siku ya ajali kuwasilisha kesi.