Kalamu Isiyo na Wino

Mtu aliyezoea penseli anapokaa kwa mara ya kwanza mbele ya kompyuta, akashika kalamu ya plastiki isiyo na wino na kuipitisha juu ya kibao cha kuchorea, mara nyingi huona mstari uliopinda ukijitokeza kwenye kioo. Halaumu kibao, wala halaumu waya. Huutazama mkono wake kwa mashaka. Wapo waliokiweka kibao kabatini baada ya siku mbili tatu, wakiamini kwamba kipaji chao kinafaa karatasi tu. Kwa maoni yangu, watu hao wangefaidika kama wangeijua historia ya chombo hiki. Kwa zaidi ya miaka 100 mafundi ndio wamekuwa wakihangaika kuufuata mkono wa binadamu. Kibao ndicho mwanafunzi, na mkono ndio mwalimu.

Tuanze na Elisha Gray, Mmarekani ambaye jina lake hukumbukwa zaidi kwa kupitwa. Tarehe 14 Februari 1876, siku ile ile maombi ya Alexander Graham Bell kuhusu simu yalipofikishwa katika ofisi ya hataza ya Marekani, Gray naye alifikisha taarifa ya uvumbuzi wake mwenyewe wa simu. Aliyepewa haki ni Bell. Gray hakukata tamaa. Mwaka 1888 alipata hataza ya telautografu, chombo cha kupeleka mwandiko kwa njia ya umeme. Mtu aliandika mahali hapa, na kalamu nyingine, mahali pengine, ikaandika vilevile kwa wino. Chombo hicho kilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893, na baadaye kikatumika katika mabenki na vituo vya reli.

Siri yake ilikuwa nyepesi. Gray aliugawa mwendo wa kalamu katika sehemu mbili, mlalo na wima, na kila sehemu ikapelekwa peke yake. Kila mwandiko, hata uwe wa madaha namna gani, uligeuka kuwa habari mbili zinazosafiri bega kwa bega. Wazo hilo halijaachwa mpaka leo, na hitilafu nyingi zinazowasumbua wachoraji zimejificha ndani yake.

Kompyuta ilipokuja, swali likawa jinsi ya kuifanya iuone mkono. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa chuo cha MIT, alikamilisha tasnifu yake kuhusu programu ya Sketchpad, iliyofanya kazi katika kompyuta iliyoitwa TX-2. Mtumiaji alishika kalamu ya mwanga na kuigusisha kwenye kioo chenyewe. Ndani ya vioo vya zamani mshale wa elektroni ulipiga na kuwasha nukta moja baada ya nyingine. Kalamu ilipouona mwanga, kompyuta ilijua ni nukta gani iliyowashwa wakati huo, hivyo ikajua kalamu iko wapi. Lilikuwa jambo la ajabu, lakini mkono ulioinuliwa mbele ya kioo kwa muda mrefu huchoka, na kiganja huficha kile kinachochorwa. Aidha, vioo bapa vya siku hizi havina mshale huo, kwa hiyo kalamu ya namna ile haiwezi kufanya kazi mbele yake.

Jawabu jingine lilitolewa mwaka 1964 na shirika la RAND la California. M. R. Davis na T. O. Ellis waliutoa mkono kwenye kioo na kuulaza mezani. Chini ya uso wa kibao chao walipanga nyaya nyembamba kama nyuzi za kitambaa, mtande na mshindio, 100 katika kila inchi. Eneo la kuandikia lilikuwa mraba wa inchi 10 hivi kila upande, na ndani yake mlikuwa na nukta zaidi ya milioni moja. Kila waya ulipeleka mapigo yake ya umeme, kalamu ikayanasa, na kompyuta ikatambua mahali ilipo. Bei yake ilikuwa dola 18,000 za wakati ule. Hakuna mchoraji wa kawaida aliyeweza hata kuiota.

Mwaka 1979 kampuni ya Apple iliuza kibao cha kutumiwa na kompyuta yake ya Apple II, na chombo kikaanza kuingia majumbani na mashuleni. Huko Japani, kampuni ya Wacom iliundwa mwaka 1983, na mwaka uliofuata ikatoa kibao ambacho kalamu yake haikufungwa kwa waya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa na kalamu iliyotambua pia nguvu ya mkono: ukikandamiza, mstari unanenepa, ukilegeza, unakonda. Ndani ya kalamu za namna hiyo mna koili ndogo. Kibao hutoa wimbi la sumaku, koili hulipokea na kulirudisha kama mwangwi, na kibao husikiliza mwangwi umetoka wapi. Ncha ikibanwa, mwangwi hubadilika kidogo. Kwa hiyo kalamu haihitaji betri. Kibao cha Intuos cha 1998 kilitambua ngazi 1,024 za mkandamizo, na baadaye vikaja vya ngazi 8,192.

Sasa tuyatazame matatizo kwa macho ya historia hii. La kwanza ni duara linalogeuka yai. Kipanya cha kompyuta hueleza tu kuwa kimesogea. Kibao hueleza mahali. Kila nukta ya kibao ina mwenzake kwenye kioo. Kama kioo ni kipana na kibao kinakaribia mraba, upande mmoja utavutwa kuliko mwingine, na duara lako safi litatanuka. Ukiunganisha vioo viwili, kibao kimoja kitatandazwa juu ya vyote viwili, na mstari utaangukia mbali na ulipokusudia. Mkono hauna kosa hapo. Fungua mahali pa kupangia kibao, chagua kioo kimoja, na uweke alama ya kulinda uwiano wa pande.

La pili ni kupotea kwa mkandamizo. Mstari unatoka, lakini unene wake ni ule ule hata ukibana kwa nguvu. Watu hudhani kalamu imekufa. Lakini tumeona kwamba mahali na mkandamizo ni habari mbalimbali. Kompyuta inaweza kupokea mahali kana kwamba inashughulika na kipanya, huku habari ya mkandamizo ikikosa mlango wa kupitia. Mlango huo ni programu inayoendesha kibao. Mara nyingi mabaki ya programu ya kibao cha zamani hugombana na mpya, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Dawa ni kuziondoa zote, kuizima kompyuta na kuiwasha upya, kisha kuweka ile moja inayohusika. Likishindikana hilo, tazama kama programu ya kuchorea yenyewe imeruhusiwa kusoma mkandamizo.

La tatu ni mstari unaotetemeka. Mwangwi wa kalamu ni hafifu, na jirani mwenye kelele huuharibu. Chaja, spika na meza ya chuma ni majirani wabaya. Sogeza kibao, badilisha waya, jaribu tundu jingine la kompyuta. La nne ni ncha iliyolika. Uso wa vibao vingi umetengenezwa ukwaruze kidogo kama karatasi, na ncha huisha kama chaki inavyoisha. Ncha iliyokatika upande huchana uso wa kibao, na ncha iliyonasa ndani hutoa mstari hata kabla haijagusa kitu. Kubadilisha ncha ni kazi ya dakika moja.

Linabaki tatizo moja lisilo na dawa ya programu: mkono uko hapa, na macho yako kule. Katika mwambao wetu watoto wa chuoni waliandika kwa kalamu ya mwanzi juu ya ubao, wakaufuta na kuandika tena, na jicho halikutengana na ncha. Davis na Ellis ndio waliokubali utengano huu ili mkono upumzike, na kila anayetumia kibao cha kawaida hulipa gharama ya uamuzi ule. Vibao vyenye kioo ndani yake, kama Cintiq iliyotokea mwaka 2001, vimeurudisha mkono kwenye picha, lakini navyo huacha mwanya mdogo kati ya ncha na mstari kwa sababu ya unene wa kioo, hata ikabidi kuvirekebisha mara kwa mara. Kwa kibao cha kawaida, hapana budi kuvumilia. Anayechora mistari na duara kwa nusu saa kila siku, bila kutafuta picha nzuri, baada ya majuma machache hugundua kwamba ameacha kuufikiria mkono.

Uvumilivu huo lakini una mpaka wake, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Ni haki kuuomba mkono uzoee. Si haki kuulaumu kwa mambo ya waya, koili na programu. Gray, Sutherland, Davis na Ellis, pamoja na mafundi wa Japani, wote walianza kwa kuuheshimu mkono kama ulivyo, kisha wakatafuta namna ya kuufikia. Anayekagua kwanza uwiano wa pande, programu, majirani wa kibao na ncha, kabla ya kuitilia shaka karama yake, anafuata njia yao. Akimaliza ukaguzi huo na mstari bado umepinda, basi na aukubali kuwa ni wake, na kesho achore mwingine.