Lubisi, Kiwanda cha Kibanjani

Vimeng'enya, yaani protini zinazochochea mabadiliko ya kikemia ndani ya viumbe, husifiwa siku hizi kama maarifa mapya ya maabara, yatakayotuwezesha kutumia mazao ya shamba mahali pa petroli. Lakini mpelelezi Mwingereza John Speke alipofika Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania ya leo, mwaka 1861, alikuta pombe ya ndizi, kazi ya vimeng'enya hivyo, ikinywewa kwa mfalme Rumanyika. Jina la kitaalamu la kimeng'enya lilibuniwa na Mjerumani Wilhelm Kühne miaka 16 baadaye, na ni mwaka 1897 tu ndipo Eduard Buchner alipothibitisha kwamba majimaji ya hamira huchachusha sukari hata bila chembe hai. Kwa hiyo historia ya uchumi unaotegemea mimea haina budi kuanza pia kwenye vibanja, yaani mashamba ya migomba, vya Bukoba na Muleba katika eneo hilohilo.

Angalia kazi yenyewe. Ndizi za pombe, embire, hukatwa mbichi, kisha huivishwa shimoni au juu ya meko. Ndizi mbichi ina wanga karibu asilimia 20 ya uzito wake. Ikiiva kabisa hubaki asilimia 1 au 2, kwani vimeng'enya vyake vimeugeuza sukari. Mtengeneza pombe haongezi dawa yoyote. Hutawala joto na siku. Ndizi zikiiva, wanaume huzimenya na kuzikanyaga pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti hadi juisi ijitenge na uji wake. Viwanda vya leo hutumia vimeng'enya kuvunja utando unaoshikilia juisi hiyo. Hapa nyasi ndizo zinazoisaidia kutoka. Kisha hutiwa unga wa mtama, mtumbwi hufunikwa kwa majani ya mgomba, na kesho yake pombe hiyo, lubisi, iko tayari.

Wapo watakaosema kwamba ufundi usiojua jina la kinachotenda kazi si sayansi. Ila anayejua siku ya kulifukua shimo ameshapima matokeo, hata kama hakuyaandika. Hoja nzito zaidi ni kwamba lubisi huchacha baada ya siku chache na ladha yake hubadilika kila mara, na kiwanda hakiwezi kuishi hivyo. Hilo ni kweli, na hapo ndipo maabara inapohitajika: kurefusha maisha ya kinywaji. Tena ufundi wenyewe uko hatarini: ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia Muleba mwaka 2006, ulitishia ndizi na ufundi huu kwa pamoja. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Maruku, karibu na Bukoba, wanaolinda migomba wawasikilize pia watengeneza pombe wazee, waandike siku na joto wanavyotumia wazee hao wangali hai.