Deni la Sindano: Jinsi Tiba Mpya ya Homa ya Ini C Ilivyoanza Misri

Oktoba 2014, vituo vya tiba vya Wizara ya Afya ya Misri vilianza kutoa kidonge kipya dhidi ya homa ya ini aina C. Mgonjwa aliitwa jina, akakabidhiwa kichupa cha vidonge 28, akavunja lakiri mbele ya mfamasia na kumeza kidonge cha kwanza papo hapo. Wengi katika foleni hizo walikuwa watu wa makamo na wazee kutoka vijiji vya mtoni. Virusi walivyokuwa navyo damuni viliwaingia, kwa sehemu kubwa, kupitia sindano waliyochomwa miaka mingi nyuma na watumishi wa afya wa serikali, nayo sindano hiyo ilikuwa tiba ya ugonjwa mwingine: kichocho.

Kichocho ni cha kale Misri. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alikuta mayai ya minyoo yake ndani ya figo za maiti zilizokaushwa enzi za Mafarao. Mnyoo wenyewe ulitambuliwa mwaka 1851 katika hospitali ya Kasr el-Aini, Kairo, na daktari Mjerumani Theodor Bilharz, ambaye jina lake ndilo Wamisri wanalotumia hadi leo kuuita ugonjwa huo. Kilichoukuza ni maji. Zamani mto Nile ulifurika mara moja kwa mwaka, kisha mashamba yakakauka. Tangu karne ya 19, kwa ajili ya pamba, mabwawa na mifereji iliyafanya maji yakae shambani mwaka mzima, na konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho wakapata makao ya kudumu. Mkulima alisimama majini kwa kazi, mwanamke alifulia humo, mtoto aliogelea humo. Abdel Halim Hafez, mwimbaji aliyependwa kote ulimwenguni mwa Waarabu, alizaliwa mwaka 1929 katika kijiji cha mkoa wa Sharqia na akapata kichocho angali mtoto. Ugonjwa huo ulimwandama maisha yake yote, hadi alipofariki London mwaka 1977.

Dawa ya kwanza yenye nguvu ilipatikana jirani. Mwaka 1918, J. B. Christopherson, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Khartoum, alitangaza kwamba chumvi ya antimoni ikichomwa mshipani huua minyoo ya kichocho. Misri iliipokea mapema na kuitumia kwa zaidi ya miaka 60. Ilikuwa dawa kali. Ilitapisha, ilikohoza, na mara nyingine ilivuruga mapigo ya moyo. Tena haikuweza kuchomwa msulini, maana iliunguza nyama. Ilibidi iingie moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, polepole, na mgonjwa mmoja alihitaji sindano 12 hadi 16 kwa muda wa wiki kadhaa. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1952, serikali iliyotaka kuwafikia wanakijiji ambao hakuna aliyewahi kuwajali iliipeleka tiba hiyo mashambani kwa ari kubwa. Kati ya mwaka 1964 na 1982 watu zaidi ya milioni 6 walichomwa sindano zinazokadiriwa kupita milioni 35.

Ni katika wingi huo hasara ilipojificha. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, na yalitumika tena na tena. Mwaka 1964 Brian Maegraith, mtaalamu wa magonjwa ya nchi za joto aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliandika alichokiona katika kituo kimoja: daktari stadi akichoma watu zaidi ya 500, wanaume, wanawake na watoto, katika muda usiofika saa moja. Bomba lililotumika liliwekwa kwenye sinia, muuguzi akaliosha, likachemshwa dakika moja au mbili, likarudi kazini. Kwa macho ya wakati huo, ile ilikuwa kazi iliyopangwa vizuri. Damu kidogo sana, isiyoonekana kwa jicho, inatosha kubeba virusi vya homa ya ini kutoka mtu hadi mtu, na kuchemsha kwa haraka namna hiyo hakutoi uhakika wa kuviua vyote.

Si haki kuwahukumu wauguzi wale kwa elimu ya leo. Virusi hivyo havikuwa na jina. Katikati ya miaka ya 1970 watafiti wa Marekani walijua tu kwamba kuna homa ya ini inayofuata kuongezewa damu ambayo si A wala B. Virusi vyenyewe vilitambuliwa mwaka 1989 na Michael Houghton, Qui-Lim Choo na George Kuo wa kampuni ya Chiron, wakishirikiana na Daniel Bradley. Wakati huo kampeni ya sindano ilikuwa imekwisha, kwani miaka ya 1980 Misri ilihamia kwenye prazikwanteli, dawa ya kichocho inayomezwa. Lakini homa ya ini C hukaa kimya mwilini miaka 20 hadi 30 huku ini likiota makovu, kisha ndipo tumbo hujaa maji, mishipa ya umio hupasuka, au saratani ya ini huchomoza. Wodi za Misri zilijaa wagonjwa hao katika miaka ya 1990. Mwaka 2000 Christina Frank na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchambuzi uliofuatisha umri na mikoa: palipochomwa antimoni nyingi, ndipo virusi vilipokuwa vingi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2008 ulikuta kingamwili za virusi hivyo katika damu ya asilimia 14.7 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 59. Kiwango cha juu namna hiyo hakikuwahi kupimwa katika taifa jingine kubwa.

Tiba iliyokuwepo ilikuwa mateso. Interferoni ilichomwa kila wiki kwa wiki 48, pamoja na vidonge vya ribavirini kila siku. Mgonjwa alitetemeka kama mwenye malaria, damu ilipungua, nywele zilinyonyoka, na wengine waliingia katika huzuni nzito iliyowafanya waache dawa. Aliyevumilia mpaka mwisho alikuwa na nafasi ya kupona inayokaribia nusu kwa nusu. Hata hivyo Misri haikukaa bure: kamati ya kitaifa ya kupambana na homa ya ini iliundwa mwaka 2006, na mwaka uliofuata vituo maalumu vikaanza kufunguliwa. Vituo hivyo, na madaktari waliojifunza humo, ndivyo vilivyoiwezesha nchi kuanza haraka dawa mpya ilipokuja.

Dawa hiyo ni sofosbuviri. Virusi huzaliana kwa kujinakili, kiungo kimoja cha kemikali baada ya kingine; sofosbuviri hufanana na kiungo halali, kimeng'enya cha virusi huipachika mahali pake, na nakala hukatika hapo. Iliidhinishwa Marekani Desemba 2013 na kuuzwa na kampuni ya Gilead kwa jina la Sovaldi, kwa dola 84,000 za wiki 12, yaani dola 1,000 kwa kidonge kimoja. Kwa bei hiyo hakuna hazina ya nchi maskini ambayo ingethubutu. Kamati ya Misri chini ya Dk. Wahid Doss iliingia katika mazungumzo ikiwa na hoja nzito: wagonjwa kwa mamilioni, na vituo vilivyo tayari. Bei ikakubaliwa kuwa dola 300 kwa kichupa, dola 900 kwa wiki 12. Ndiyo sababu ya lakiri kuvunjwa mbele ya mfamasia. Kichupa kile kile kiliuzwa Marekani kwa dola 28,000, na ilihofiwa kingetoroshwa.

Septemba 2014 ulifunguliwa mfumo wa kujiandikisha kwa intaneti, na maombi yakamiminika tangu siku ya kwanza. Dawa ilikuwa chache, hivyo walitangulizwa wenye ini lililoharibika zaidi. Uamuzi huo ulikuwa mgumu lakini sahihi, kwa kuwa hao hawakuwa na muda wa kungoja. Mwanzoni sofosbuviri ilitolewa pamoja na ribavirini kwa wiki 24, au pamoja na interferoni kwa wiki 12. Baadaye ikaunganishwa na daklatasviri, na hatimaye interferoni ikaachwa. Kwa kuwa hataza ya sofosbuviri haikukubaliwa Misri, viwanda vya nchi hiyo vilitengeneza nakala zake kihalali, bei ikaporomoka mwaka hadi mwaka hadi dola 45 hivi kwa tiba nzima. Kufikia katikati ya 2016 foleni ilikuwa imekwisha.

Hapo likazuka tatizo ambalo halikutegemewa: dawa ipo, wagonjwa hawaonekani. Waliobaki hawakujijua. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019, kampeni iliyoitwa Afya kwa Milioni 100 ilipeleka kipimo cha tone la damu la kidoleni hospitalini, misikitini, makanisani na viwandani. Watu milioni 49.6 walipimwa, karibu asilimia 80 ya watu wazima waliolengwa. Waliokutwa na kingamwili walipelekwa kwenye kipimo cha pili cha kuthibitisha kama virusi bado vimo damuni, na zaidi ya asilimia 90 ya waliothibitishwa walianza dawa. Miongoni mwa waliorudi kupimwa baada ya tiba, asilimia 98.8 hawakuwa tena na virusi.

Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia ngazi ya dhahabu katika njia ya kutokomeza homa ya ini C. Zaidi ya watu milioni 4 walikuwa wamekwisha kutibiwa. Kwa wale ambao ini lao lilikuwa limekwisha kuota makovu kabla ya kidonge cha kwanza, kutoweka kwa virusi hakuondoi hatari ya saratani. Wao huitwa kliniki kila baada ya miezi 6 kupimwa ini kwa mawimbi ya sauti.