Samaki wa mawe: kutoka pwani ya Uvira mpaka nyumba za Bulaya

Mtu wa Rurambo akishuka Uvira siku ya soko, samaki anaowajua hawazidi wanne watano: ndagala wa kukausha, mukeke, sangala, na kuhe kwa mwenye feza kidogo. Wote tumewajua kwa njia ya sufuria. Wale wadogo wanaokaa kati ya mawe, wenye mistari na rangi, hatuwahesabu. Hao ni mchezo wa watoto wa pwani. Kumbe ndio waliosafiri mbali. Leo hii huko Ulaya, Marekani na Japani kuna watu wanaofuga samaki wa mawe wa Tanganyika ndani ya sanduku la kioo, wanawabadilishia maji, wanawanunulia chakula, na hawana hata wazo la kuwala. Historia hiyo imepita mlangoni petu, na ni vizuri iandikwe na sisi pia.

Kwanza neno lenyewe, kufuga. Kwetu hufugwa ng'ombe, mbuzi, kuku. Samaki nao walifugwa: katika miaka ya 1950 Wabelgiji walisukuma sana kazi ya kuchimba mabwawa ya tilapia vijijini, na mengine yako mpaka leo. Lakini bwawa ni sufuria ileile inayongoja. Kufuga samaki wa kutazama tu, mzee wa milimani atasema ni mambo ya wazungu wasio na kazi. Mimi naona mzee huyohuyo ndiye angeelewa haraka kuliko mtu wa mjini. Mtazame mbele ya zizi lake: ng'ombe anamjua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama aliyemzaa, anampa jina, na hamchinji ovyo. Ni maziwa tu anayoyatafuta pale?

Sasa turudi ziwani. Mwaka 1946 na 1947 ujumbe wa wataalamu wa Kibelgiji ulizunguka Tanganyika kuchunguza maji na viumbe vyake. Mmoja wao alikuwa Max Poll, na yeye ndiye aliyewaandika samaki wengi wa ziwa hili katika vitabu vya sayansi. Katika miaka ya 1950 taasisi ya IRSAC ilikuwa na kituo hapa Uvira, ambacho ndicho mzazi wa CRH tunayoijua. Huko alifanya kazi Georges Marlier. Mwaka 1956 Poll alimpa samaki mmoja wa Makobola jina la Julidochromis marlieri, kwa heshima ya Marlier. Naye Marlier mwaka 1959 akamwandika Tropheus duboisi, samaki wa Bemba, ambaye akiwa mtoto ni mweusi mwenye madoadoa meupe kama nyota.

Biashara ilimfuata mwanasayansi. Mbelgiji Pierre Brichard, ambaye kwanza alikuwa akisafirisha samaki wa mto Kongo kutoka Léopoldville, alihamia Bujumbura mwanzoni mwa miaka ya 1970, hapo ng'ambo ya Rusizi, akaanza kupeleka samaki wa Tanganyika kwa avioni. Kazi ilitaka wapiga mbizi wenye nyavu ndogo, mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na hewa ya oksijeni nyingi, na uvumilivu: samaki wa kina kirefu akipandishwa mbio, hewa iliyo tumboni mwake inavimba na kumwua. Brichard aliandika vitabu vikubwa juu ya samaki hawa, mwaka 1978 na 1989, na mwaka 1974 Poll alikuwa amempa jina lake samaki mmoja mwembamba mwenye mapezi marefu, Neolamprologus brichardi kama anavyoitwa sasa. Wafanyabiashara walimwuza kwa jina la “binti mfalme wa Burundi”. Marlieri, duboisi, brichardi: hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Mvuvi aliyejua jiwe gani linaficha samaki gani hayumo.

Lakini vijiji vyetu vimo. Mfugaji wa Ujerumani haulizi “Tropheus” tu. Anauliza Tropheus wa Bemba, au wa Kiriza, kwa kuwa kila kipande cha pwani kina samaki wa rangi yake. Mmoja ana mkanda wa rangi ya chungwa, mwingine wa njano. Na wafugaji makini hawachanganyi: anayemweka wa Bemba pamoja na wa Kiriza huonekana ameharibu ukoo. Hapo ndipo narudi kwa mzee wangu na zizi lake.

Wengi wakisikia samaki wa nyumbani hufikiria beta, yule wa Siam, yaani Thailand, mwenye mapezi kama kitambaa cha harusi. Huko alifugwa zamani kwa ajili ya mapigano, na mwaka 2019 Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wake wa majini wa taifa. Beta ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, ndiyo maana watu humweka katika chupa, ingawa si makao mema. Samaki wetu hakubali hayo. Maji ya Tanganyika yana chumvichumvi za mawe na ukali wa pH karibu 9, joto lake ni digrii kama 25, na hayabadiliki ovyo. Huko Bulaya mtu hutia mawe na dawa ndani ya maji ya bomba ili yafanane na yale ambayo sisi tunachota kwa ndoo.

Na waliokaa mbele ya vioo hivyo, pamoja na watafiti waliozama ziwani, wamejifunza mambo. Brichardi anaishi kwa jamaa: watoto wakubwa hawaondoki mapema, wanabaki kulinda mayai na kuwafukuza adui wa wadogo zao. Mama Tropheus hubeba watoto mdomoni karibu mwezi mzima. Mwaka 1986 Mjapani Tetsu Sato alionyesha kwamba kambale mmoja wa ziwa, Synodontis multipunctatus, huingiza mayai yake katikati ya mayai ya samaki wa namna hiyo. Mama anayaokota yote, na watoto wa kambale wakianguliwa mdomoni mwake wanawala watoto wake. Wazee wangelijua hilo, hadithi ingekuwapo.

Wajapani walifanya kazi na watafiti wa CRH miaka ya 1980. Misukosuko ya miaka ya 1990 ikawasukuma, na kazi yao kubwa ikawa upande wa Mpulungu, Zambia. Tulipoteza wageni na shule pia.

Wapo wanaolalamika kwamba biashara hii inamaliza samaki. Katika mwamba mdogo wenye samaki wa pekee, hofu hiyo ina haki. Lakini adui mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, anatoka huku juu kwetu. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti wao: mahali ambapo udongo wa milima iliyokatwa miti unamwagika ziwani, aina za samaki na viumbe vingine hupungua. Udongo hufunika mawe, na majani membamba ya juu yake, ambayo ndiyo malisho ya Tropheus, hayaoti vizuri. Aprili 2020 Uvira iliona wenyewe mto Mulongwe ukishusha mawe na tope, watu wakafa, nyumba zikabebwa. Tope lile halikuishia kwenye nyumba. Liliingia ziwani, na samaki wa mawe hana pa kuhamia: kati ya mwamba wake na mwamba wa kijiji cha pili kuna mchanga mtupu ambao hathubutu kuuvuka, ndiyo sababu yule wa Bemba hafanani na yule wa Kiriza.