Shule Ikipata F

Mwaka 1999, shule 78 za umma katika jimbo la Florida, Marekani, zilipewa herufi F. Si wanafunzi waliopewa, ni shule zenyewe. Mwalimu mkuu, walimu, mpishi, bawabu na watoto wote wakaingizwa ndani ya herufi moja, na herufi hiyo ikatangazwa kila mtu aione.

Sisi tuliosoma Kenya tunaweza kudhani tunaujua mchezo huu. Tulikua na ile orodha ya shule bora gazetini kila matokeo ya KCSE yakitoka, hadi mwaka 2014 Waziri wa Elimu Jacob Kaimenyi alipopiga marufuku kupanga shule kwa nafasi. Lakini orodha na herufi ni vitu viwili. Kwenye orodha, ukiwa wa 812 kuna wa 813 nyuma yako, na unaweza kujifariji. F haina mtu nyuma yake. (Wamarekani pia waliiruka E, ambayo kwetu ndiyo mwisho wa dunia.)

Kule kwao herufi zilianza kwa wanafunzi. Mount Holyoke, chuo cha wanawake huko Massachusetts, kilikuwa tayari kinazitumia mwaka 1897. Karne moja baadaye Jeb Bush, gavana mpya wa Florida, akazihamishia kwa shule. Hoja yake haikuwa ya kijinga: mzazi hana muda wa kusoma ripoti ndefu yenye majedwali, lakini kila mzazi anajua A ni nini. Na herufi ilikuja na pesa. Shule ya A ilipata bonasi ya kama dola 100 kwa kila mwanafunzi. Shule iliyopata F mara mbili ndani ya miaka minne, watoto wake waliruhusiwa kuhama, hata kwenda shule ya kibinafsi kwa vocha ya serikali. Za kwanza kufikia hapo zilikuwa shule mbili za msingi mjini Pensacola. Vocha zenyewe zilidumu hadi 2006, Mahakama ya Juu ya Florida ilipozitupa nje kwa kukiuka katiba ya jimbo.

Sasa angalia mwaka uliofuata. Mwaka 2000, shule za F zilikuwa 4. Kutoka 78 hadi 4, kwa mwaka mmoja!

Kanuni ilikuwa hivi: kukwepa F, ilitosha shule ifikie kiwango katika somo moja tu kati ya kusoma, hesabu na kuandika. Kuandika ndiko rahisi kupandisha haraka, kwa hivyo watoto wakanolewa kwa insha. Yeyote aliyewahi kukaririshwa namna ya kudamka asubuhi na mapema na kulakiwa na nyimbo za ndege anaelewa mbinu hiyo bila kuelezwa. Tusiwaonee lakini. Wanauchumi waliozifuatilia shule za F miaka ya baadaye walikuta hata alama za kusoma na hesabu zilipanda, na kwamba shule zilibadilisha kwa kweli jinsi zinavyofundisha. Mmoja wao, David Figlio, alikuta jambo lingine pia, ambalo mimi siwezi kulisahau: kwa kosa lilelile, mwanafunzi dhaifu alifukuzwa shule kwa siku nyingi kuliko mwenzake mwerevu, na pengo hilo lilipanuka msimu wa mitihani ulipofika.

Herufi inapikwaje? Unachukua asilimia ya watoto waliofaulu kila mtihani, unaongeza pointi za waliopiga hatua tangu mwaka uliopita, kwa shule za upili unatia na idadi ya wanaohitimu, kisha unajumlisha. Hadi hapo ni hesabu. Halafu mtu fulani ofisini anachora mstari na kusema, juu ya hapa ni A. Mstari huo hautoki kwenye mtihani. Unapigiwa kura.

Mwaka 2012 Florida ilikaza usahihishaji wa insha, na waliofaulu katika darasa la nne wakaporomoka kutoka asilimia 81 hadi 27. Je, watoto walisahau kuandika kwa miezi kumi na miwili? Bodi ya elimu ya jimbo ilifanya mkutano wa dharura mwezi Mei, ikashusha alama ya kufaulu kutoka 4 hadi 3. Ikaweka na kinga: hakuna shule itakayoshuka zaidi ya herufi moja mwaka huo.

Mwaka huohuo, kule Indiana, mkuu wa elimu Tony Bennett alikuwa anaandaa herufi zake. Shule moja, Christel House Academy, alikuwa ameisifu hadharani kama mfano wa kuigwa. Ilikuwa shule ya umma inayoendeshwa na watu binafsi, na mwanzilishi wake, Christel DeHaan, alikuwa amechangia kampeni za Bennett na chama chake. Mwezi Septemba hesabu zikatoka: pointi 2.9, yaani C, kwa sababu wanafunzi wa kidato kipya walianguka aljebra. Barua pepe zikaruka ofisini. Zilipotoka rasmi, shule ilikuwa na 3.75. A.

Barua pepe hizo zilianikwa na shirika la habari la AP Julai 2013. Bennett wakati huo alikuwa ameshindwa uchaguzi Indiana na kuajiriwa kuongoza elimu, kumbe wapi, Florida. Alijiuzulu siku chache baadaye. Uchunguzi ulioagizwa na viongozi wa bunge la Indiana ulisema maelezo ya ofisi yake yanaaminika: kanuni haikuwa imefikiria shule zenye madarasa machache ya upili, na rekebisho lilizifaa shule nyingine pia. Mimi naukubali uchunguzi huo, na ndiyo sababu kisa hiki kinanisumbua zaidi. Kama kanuni ilikuwa na kasoro, ni shule ngapi zenye kasoro yake hazikuwa na mtu wa kushtuka kwa niaba yao?

Dada yangu mkubwa alihamia Texas, na alipokuwa akitafuta nyumba ya kupanga alinipigia simu usiku. Kando ya kila nyumba kulikuwa na herufi ya shule ya karibu. Ya A, kodi hawaimudu. Ya C wanaweza.

"Hebu niambie," akauliza, "hii C ni ya walimu ama ni ya watoto?"

Ningemjibu nini? Figlio na mwenzake Maurice Lucas walichapisha utafiti mwaka 2004 kuhusu bei za nyumba Florida: A ilipandisha bei hata pale ambapo alama halisi za shule ya A na ya B jirani zilikaribiana. Wanunuzi walikuwa wanalipia herufi. Bei ikipanda, familia kama ya dada yangu zinasukumwa mbali, na mapato ya nyumbani hufuatana kwa karibu sana na alama za mtihani, kwa hivyo herufi ikija tena inakuta mambo yamepangika zaidi.

Jimbo la Texas nalo lilisogeza mstari. Mwaka 2023 lilitangaza kwamba shule ya upili, ili ipate A katika kipimo cha kuandaa wanafunzi kwa maisha baada ya shule, sharti ifikishe asilimia 88 badala ya 60. Wilaya za shule zaidi ya mia moja zikaenda mahakamani, na herufi zikafungiwa. Zilichapishwa Aprili 2025. Mtoto aliyefanya mitihani hiyo akiwa darasa la tano alikuwa sasa anamaliza la saba, na kwa kawaida katika shule nyingine kabisa.