29 Februari 1900: Siku Ambayo Haikuwahi Kuwepo

Wadau, fungua Excel sasa hivi. Andika 60 kwenye seli yoyote, kisha badilisha fomati iwe tarehe. Utaona 29 Februari 1900. Sasa tafuta siku hiyo kwenye kalenda yoyote ya kweli. Haipo, na haijawahi kuwepo. Tangu kalenda ya Papa Gregory XIII ianze kutumika mwaka 1582, mwaka unaofunga karne huwa mrefu tu kama unagawanyika kwa 400. Mwaka 2000 ulipita mtihani huo, 1900 ukaanguka.

Mbona basi programu inayotumiwa na mabenki, kaunti, na mweka hazina wa chama chenu idanganye hivyo mchana peupe?

Jibu liko kwenye historia. Mwaka 1979 Dan Bricklin, aliyekuwa mwanafunzi wa biashara Harvard, na mwenzake Bob Frankston walitoa VisiCalc, lahajedwali ya kwanza iliyouzwa kwa kompyuta ndogo za watu binafsi. Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3 na ikateka soko. Lotus iliamua kuhesabu tarehe kama namba: 1 Januari 1900 ni 1, kesho yake ni 2, na kadhalika. Lakini iliuchukulia mwaka 1900 kama mwaka mrefu. Kugawa kwa 4 pekee ni hesabu fupi, na kompyuta za wakati huo zilikuwa na kumbukumbu ndogo sana.

Microsoft walipoingia sokoni, Excel ikianza kwenye Macintosh mwaka 1985 na kufika Windows mwaka 1987, walitaka wateja wa Lotus wahame na faili zao bila tarehe kuharibika. Kwa hivyo wakaliiga kosa hilo makusudi, na wenyewe wamekiri. Mpaka leo liko pale pale. Google Sheets ukiiandikia 60 itakupa 28 Februari. Kuanzia 1 Machi 1900, ambayo ni 61, zote mbili zinaelewana.

Kwangu mimi hapa ndipo somo lilipo. Tarehe ndani ya seli si tarehe. Ni namba iliyovalishwa nguo, na fomati ndiyo nguo yenyewe. Jamhuri yetu ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Excel inaona 23,357 tu. Saa sita mchana ni 0.5, kwa sababu ni nusu ya siku ukihesabu kutoka usiku wa manane. Ukiona seli imekuletea 45,000 na kitu mahali ulipotaka tarehe, usipanike. Hakuna kilichopotea, imevuliwa nguo tu. Mrudishie fomati ya tarehe, basi.

Mimi hutengeneza video fupi za historia, na ratiba zangu zote huwa kwenye lahajedwali. Reli kufika Kisumu Desemba 1901: Excel inakubali vizuri. Reli kufika Nairobi Mei 1899: inakataa. Inaiacha kama maandishi tu, huwezi hata kutoa tarehe moja kwa nyingine upate siku ngapi zilipita katikati. Yaani kwa Excel, ulimwengu ulianza Januari 1900. Mombasa, Lamu, na karne zote za biashara ya majahazi hazina namba. Sisemi kuna mtu alikaa chini akatufutia historia, hapana. Nasema mtu aliyechagua mwanzo wa hesabu hakuwa anatufikiria, na sisi ndio tunaoishi na uamuzi wake.

Kuna uamuzi mwingine unaotuuma zaidi, hata mfukoni. Laptop nyingi hapa zinakuja na mipangilio ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Mweka hazina anaandika 03/04/2024 akimaanisha tarehe 3 Aprili. Kompyuta inaelewa 4 Machi, kimya kimya. Akiandika 13/04/2024, hakuna mwezi wa 13, kwa hivyo inabaki maandishi na kuegemea kushoto mwa seli. Orodha moja sasa ina tarehe sahihi, tarehe za uongo na maandishi. Mtu anapigwa faini ya kuchelewesha mkopo ambao hajachelewesha, na chama kinavunjika kwa sababu ya mkwaju mmoja.

Na si sisi pekee. Wanasayansi walikuwa na jeni iliyoitwa MARCH1, na Excel ikawa inaigeuza kuwa tarehe 1 Machi. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulionyesha karibu moja ya tano ya makala zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel zilikuwa na makosa ya aina hii. Kufikia 2020, wasimamizi wa majina ya jeni walikuwa wamesalimu amri na kubadilisha majina yenyewe. MARCH1 sasa ni MARCHF1. Microsoft walileta njia ya kuzima ubadilishaji huo mwaka 2023.

Kama unaanza leo, shika haya matatu. Moja, chagua fomati kabla ya kuandika, si baadaye. Mbili, namba za simu na vitambulisho si hesabu. Huwezi kujumlisha simu mbili, kwa hivyo ziweke kama maandishi, la sivyo ile 0 ya 07 inaenda. Tatu, tarehe ziandike mwaka-mwezi-siku, 2024-04-03, mpangilio wa kimataifa uliowekwa mwaka 1988. Hapo Mmarekani na mtu wa Kakamega wanasoma kitu kimoja.

Na mafunzo yetu ya kompyuta yaache kutuambia tu bonyeza hapa, bonyeza pale. Tuelezwe nani aliamua, na kwa nini. Mtu akijua hilo, ataikagua orodha ya chama kabla hajasema mashine haikosei.